Barua Nne za Kujieleza kwa Kompyuta

Shikamooni wazee. Wenzangu, Bwana asifiwe. Mimi si msemaji, leo mtanivumilia.

Mnajua mimi ni mpiga chapa pale ofisi ya mifugo. Taipureta niliiweza hata nikifumba macho. Kisha ikaja kompyuta, miaka ile ya kupunguzwa watu makazini, kila mtu anajiuliza zamu yake lini. Nilikuwa na watoto watatu na mume mgonjwa. Kazi ile ndiyo ilikuwa ugali wetu.

Wiki ya pili, nachapa ripoti ya chanjo, mashine ikalia, ting! Kikatokea kisanduku chenye duara jekundu, na Kiingereza kikali: kitendo kisicho halali kimefanyika. Chini yake kitufe kimoja tu, cha kukubali. Ndugu zangu, ningefanyaje? Nikakubali. Ripoti yote ikapotea.

Sasa chekeni, ruksa. Sisi watu wa serikali ukikosea unaandika barua ya kujieleza. Nikaandika! Nikaomba radhi kwa kuvunja sheria nisiyoijua. Bosi naye hajui, akaiweka kwenye faili langu. Kila kikitokea tena, naandika nyingine. Mwezi haujaisha, barua zimefika nne. Nikasikia nimo kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nililia jamani! Niliamini kabisa kwamba mimi mjinga, na mashine imenigundua.

Akaja fundi kutoka Dodoma mjini, dada mmoja hivi, kuikagua. Kisanduku kikamtokea na yeye. Akasonya, "Nawe na kelele zako!" Akabonyeza, akaendelea na chai yake.

"Dada, huogopi?"

"Niogope nini? Programu yenyewe ndiyo imekwama. Aliyeitengeneza kaipa mdomo wa polisi, basi."

Nikasimama. Niliingia kwa bosi bila hata hodi. "Shikamoo mzee. Orodha usiipeleke kwanza, njoo ukae kwenye kiti changu." Akaja. Fundi akamwonyesha pa kubonyeza. Ting! Duara jekundu. Mzee wa watu akaruka! Nikamsogezea karatasi na kalamu. "Haya mzee, jieleze."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaagiza faili langu na ile orodha, barua zangu akazichana palepale, na jina langu akalikata kwa wino.

Namshukuru dada yule. Namshukuru mume wangu, aliyenikatalia kuacha kazi. Nanyi mlioniletea unga bila kuniuliza kitu, Mungu awazidishie.

Nawaambia, toba mpelekeeni Mungu. Mashine ikiwakaripia, iteni fundi.