Aliyeshindwa Kungoja Kioo Kipoe

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya naye kazi, tunaomba mkae. Waliosimama nyuma, viti vipo huku mbele. Marehemu mwenyewe asingekaa, hilo tunalijua wote. Maisha haya yameandikwa na dada yake mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyebaki anayeyakumbuka tangu mwanzo, na ndiye anayeyasoma. Akisimama katikati kuvuta pumzi, mvumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mshika bendera wa reli na mshona nguo. Alizaliwa kabla ya siku zake. Mama alikuwa bado ana mkasi mkononi anakata nepi, mtoto huyo yuko njiani. Alipowekwa kifuani akaanza kurusha miguu, mama akasema, "Huyu ana kiherehere." Jina la kuandikishwa lilikuwepo, lakini lililoshika ni hilo. Shuleni Kiherehere, kazini Kiherehere, na hata mkwewe alipokuja kuposa binti yake aliomba kuonana na Mzee Kiherehere.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978. Akili alikuwa nazo, kutulia ndiko kulikomshinda. Akiwa kidato cha pili aliifungua hadubini ya shule ili aone kinachoifanya ikuze vitu, akairudisha na lenzi moja juu chini, akamwambia mwalimu wa sayansi kwamba sasa imekuwa bora zaidi. Wazazi walikuwa kazini, kwa hiyo aliyekwenda kuitikia wito shuleni ni dada yake. Mwalimu alisema neno ambalo haliwezi kusomwa mbele ya watu wazima, ila maana yake ni kwamba mtoto huyu hakupewa kitu cha kukalia.

Hata hivyo mwalimu huyo ndiye aliyemponza. Alikuwa na darubini ndogo aliyoitengeneza mwenyewe, bomba la bati lenye kioo ndani. Jioni moja akawatoa wanafunzi uwanjani wautazame mwezi, na zamu ya Kiherehere ikafika. Akainama. Wenzake wakamsukuma, hakusogea. Mwalimu akamwambia, "Wewe, acha na wengine waone," naye akajibu bila kuinua kichwa, "Una mashimo, mwalimu. Una milima." Dada yake, aliyekuwa amekuja kumchukua, hakuwa amewahi kumwona ametulia namna ile, hata usingizini. Tangu siku hiyo akasema atatengeneza darubini yake, na kioo atakinoa kwa mkono wake.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika karakana ya miwani, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa kukata na kusugua lenzi kulingana na cheti cha daktari wa macho. Kule nyuma ya pazia, kwenye mashine za maji na unga wa kusugulia, haraka yake ilikuwa neema. Mteja aliacha fremu, akaenda dukani mara moja, akirudi miwani iko tayari imefungwa kwenye kitambaa. Tajiri wake alikuwa akisema mikono ya Kiherehere ina moto, na alikuwa akimsifu. Hakuna aliyejua kwamba moto huohuo utakuja kumtesa.

Mkewe alimpata hapohapo kaunta. Alikuwa mkunga kijana aliyekuja kutengeneza miwani yake ya kwanza. Kiherehere alipomwona mikono ikaenda mbio kuliko kawaida, na lenzi ya kulia akaiweka kushoto. Kesho yake binti akarudi, ameikunja miwani mkononi.

"Fundi, kwa miwani hii naona ngazi mbili. Niambie nipande ipi."

"Hiyo isiyoteleza," akajibu.

Binti hakucheka. Alivuta kiti akakaa. "Tengeneza upya. Mimi nangoja. Kazi yangu ni kungoja, mtoto wa mtu havutwi."

Alikaa mpaka zikawa sawa. Siku hiyo marehemu akamwahidi kwamba atamwonyesha milima ya mwezi kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989. Mvua zile ziliisha. Zikaja nyingine, zikaisha nazo. Mwaka 1992 walijaliwa binti yao wa pekee, na kioo kilikuwa bado kiko mezani.

Hapa inabidi tueleze kidogo, maana wengine wenu mlikuwa mnasikia sauti ya kusugua kutoka stoo yake mkidhani anasaga kahawa. Kioo cha darubini huanza kama kipande cha duara, kinene kama mkate. Unakisugua juu ya mwenzake kwa maji na mchanga laini mpaka kinabonyea katikati, kisha unaking'arisha kwa lami na unga mwekundu. Halafu unakipima. Unaweka taa ndogo na wembe mbele yake, unachungulia, na kivuli kinakuonyesha kama uso wa kioo uko sawa au una kinundu mahali. Kinundu chenyewe ni chembamba kuliko chochote unachoweza kukigusa, lakini kikiwepo, mwezi utauona kama umetazamwa kupitia maji ya ugali.

Kila fundi wa vioo hivi anajua kwamba ukimaliza kung'arisha lazima ungoje. Kioo kimepata joto la msuguano na joto la mikono, kimetuna, na ukikipima hivyo kitakudanganya. Marehemu alilijua hilo. Aliwafundisha wengine. Ukimuuliza, alisema, "Nimengoja." Lakini kungoja kwake kulikuwa kuizunguka meza mara mbili na kuchungulia nje kama mawingu yapo. Anapima, anaona kinundu, anakisugua kiondoke. Kesho asubuhi kioo kimepoa, pale palipokuwa na kinundu pana shimo. Analisawazisha shimo, anapima kabla ya wakati, kinundu kimerudi. Mara tatu alikata tamaa akakirudisha kioo kwenye mchanga, akaanza upya. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Dada yake alimwambia methali hiyo kila sikukuu, naye kila sikukuu alimjibu, "Bado kidogo tu, dada."

Msidhani alikosa darubini. Katika chama cha watazama nyota alichojiunga nacho hakuna aliyeshika vifaa vingi kuliko yeye. Walimletea darubini zilizoanguka, lenzi zilizoota ukungu, vioo vilivyopinda kwenye vishikizo vyake, na alivirudisha vikiwa vizima. Kamera zilipoingia, binti yake, ambaye ni mwalimu wa kompyuta, alimwekea programu inayopanga picha nyingi juu ya nyingine mpaka sayari itokee safi. Programu ile inahitaji uiache ifanye kazi. Yeye alikuwa akiisimamisha katikati ili arekebishe kidogo. Ana picha nyingi sana za Zohali, na karibu zote zinafanana na yai lililopasuka.

Mkewe hakuchungulia hata moja ya darubini hizo. Watu wa chama walimwita, "Njoo uone, mama, mwezi umekaa vizuri." Alijibu hivyohivyo kila mara: "Mimi niliahidiwa ya nyumbani kwangu." Hakusema kwa hasira. Lakini mumewe alipolisikia, alirudi stoo.

Tarehe 20 Februari mwaka huu, akiwa mezani, ametoka kukipima kioo na kuona kinundu kilekile, aliinuka kuchukua lami akaanguka. Moyo. Daktari alisema umechoka, alale na apumzike. Mkewe akamwambia daktari, "Hiyo dawa ya kwanza sijui kama ataimeza." Alilazwa hadi katikati ya Aprili. Wauguzi watakumbuka kwamba alilegeza na kukaza skrubu za kitanda chake mpaka wakamnyang'anya kijiko.

Kule wodini alisononeka. Binti yake, kwa kutaka kumchangamsha, aliingia stoo, akaweka taa na wembe kama alivyomwona baba akifanya, akaunganisha kamera, akapiga picha ya kivuli cha kioo. Kioo kilikuwa kimekaa wiki kadhaa bila kuguswa. Akampelekea kwenye simu.

Marehemu aliitazama akasema, "Programu yako imeharibika. Kinundu kiko wapi?"

Binti akarudia. Picha ikaja vilevile, kivuli laini kutoka ukingo hadi ukingo.

"Rudia tena. Umekosea mahali."

Mara ya tatu binti hakubishana. Alikiwekea kioo kiganja chake katikati, akakiacha hapo kwa muda, akaondoa mkono na kupiga picha. Akaja nayo hospitali mwenyewe. Kwenye picha, katikati ya kioo kilichokuwa sawa, kulikuwa kumeota kinundu chenye vidole vitano.

Mkewe alikuwa kando ya kitanda, na dada yake pia. Kiherehere aliishika simu ile, akatulia kama alivyotulia uwanjani kwa mwalimu. Kisha akaigeuza mikono yake, akaitazama, akasema, "Kumbe ni mimi." Na akalia. Miaka yote ile alikuwa anakimbizana na joto la mikono yake mwenyewe.

Mkewe akamfuta uso. "Ungeanguka umeshaishika lami," akamwambia, "ungekwisha kukiharibu tena."

Kioo kilipelekwa kupakwa utando wa alumini ili kiakisi mwanga, kikarudi Jumatatu ya tarehe 10 Juni. Marehemu alikuwa nyumbani, hali yake imeshuka, kitanda tumekisogeza dirishani. Binti na mumewe waliifunga darubini wakifuata maelekezo yake kutoka kitandani, na maelekezo yalikuwa mengi. Mawingu yakatanda siku hiyohiyo. Watu wa chama husema kifaa kipya hakiji peke yake, huja na mawingu yake. Yalikaa karibu wiki nzima. Mkewe alikuwa akitazama juu, kisha akimtazama mumewe, na sisi tuliokuwa pale tulijua anapima kipi kitatangulia.

Ijumaa alasiri anga likafunguka. Nusu mwezi ulikuwa juu ya ukuta wa jirani, mweupe, mchana kweupe. Binti alikimbia ndani akaitoa darubini, akaielekeza. Mama yake akavua miwani akainama. Jicho lilikuwa halijafika kwenye lenzi sauti ya mumewe ikatoka dirishani.

"Mama, bado."

"Bado nini tena?"

"Kimetoka ndani sasa hivi. Kina joto. Kiache kipoe, ndipo uone vizuri."

"Nimengoja tangu sijazaa."

"Basi niongezee saa moja."

Alicheka, mwanamke huyu. Dada mtu alikuwa hapo na hakucheka. Alimwambia shemeji yake achungulie tu, mwezi wenye ukungu ni afadhali kuliko hakuna. Lakini mkunga hakuvuta mtoto wa mtu. Aliivaa miwani yake, akaenda kukaa kitandani, akamshika mumewe mikono. Saa haikuisha mawingu yakafunga. Marehemu akasema, "Kesho, basi."

Dada yake alikasirika siku ile, na amekasirika mpaka leo, kwamba mtu aliyeshindwa kungoja maisha yake yote aliamua kujifunza siku hiyo. Mjane anasema sivyo. Anasema zawadi aliyoahidiwa alikwisha kuipata, na aliipata alipoambiwa angoje.

Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Mkewe alikaa amemshika mikono mpaka ikapoa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mkwe, mjukuu mmoja wa kiume ambaye naye hakai kitini, na dada yake huyu. Ameacha pia meza ya stoo, ambayo hatujaifuta unga wake mwekundu na hatuna mpango wa kuufuta kwa sasa. Familia inawashukuru wauguzi, majirani waliopika, na watu wa chama waliobeba jeneza.

Tukitoka hapa mnakaribishwa nyumbani. Darubini imesimama uani, kivulini, tangu asubuhi, na anga mnaliona lilivyo. Saa kumi na moja mwezi utakuwa umepanda juu ya ukuta. Tunaomba mtu yeyote asiliguse lile bomba, hata kwa mapenzi. Kioo kimepoa. Mjane atatangulia, na akikaa hapo muda mrefu, asisukumwe.

Mdogo wetu, tulia sasa, hakuna kilichobaki cha kurekebisha. Apumzike kwa amani, na mikono yake ipumzike.