Uthibitisho wa Likizo ya Pasaka

Mwaka 1995, kwenye basi la kutoka Nyakanazi kwenda Ngara, nilikaa nyuma ya msichana aliyekuwa amefungua daftari la hesabu lililojaa mishale mapajani. Mzee aliyeketi naye alichungulia. "Mishale hiyo naijua," alisema. "Niliichora chuoni Dar es Salaam, nikiwa na umri wako. Mimi ni Mwalimu Gidioni wa Kibimba."

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi Uwase, natoka kambi ya wakimbizi." Kiswahili chake kilikuwa cha polepole. "Uthibitisho uliishia hapa. Profesa wetu alisema tutaumaliza tukirudi kutoka likizo ya Pasaka. Vita vikaanza, hatukurudi."

Mzee alifuata mishale kwa kidole. "Hiki kinakwenda sifuri, kwa hiyo kimetoka kushoto. Katika safu hii, kinachopotea hatua moja ni kile tu kilicholetwa na hatua iliyotangulia. Sasa shuka, rudi nyuma, panda. Kumbe chenyewe kilikuwa sifuri tangu mwanzo." Mimi nilifeli hesabu mara mbili, lakini nilimwamini, kwa sababu uso wake ulikuwa umerudi ujanani.

"Nimeelewa," alisema Uwase.

"Basi andika."

"Hapana, Mwalimu. Nafasi hii ni ya Profesa."

"Hesabu haina mwenyewe, binti."

"Nikiijaza, nitakuwa nimesema harudi."

Mzee alitoa penseli mfukoni. "Andika kwa hii. Akirudi, ataifuta."

Uwase alikuwa bado anaitazama ile penseli basi liliposimama Kibimba.