Mama Nukta na Saa ya Getini

Ndugu waombolezaji, na ninyi mliotoka kazini mkiwa bado na sare zenu, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya dada yetu kwa sababu yote nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, na asije mtu baadaye kunisahihisha, isipokuwa kuzaliwa kwake tu, maana nilimfuata kwa miaka mitatu, ingawa mama alinisimulia mpaka ikawa kama mimi ndiye niliyeshika taa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, katika nyumba yetu ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akaendelea na sekondari, mwaka 1985 akaingia chuo cha uuguzi, wakati mimi nimeishia darasa la saba, si kwamba kichwa kilikuwa kibovu, shule ndiyo haikunielewa. Alihitimu mwaka 1988, akaajiriwa mwaka huohuo katika hospitali ya umma ya mji huu, na hakuhama tena. Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yangu seremala, mtu wa maneno machache, hata posa ilibidi nimsemee mimi, wakajaliwa binti na mvulana, ambao mnawaona hapa mbele.

Wengi mlidhani dada alikuwa jasiri, lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja utotoni nawaambia alikuwa mwoga, na kazi ile ilimwongezea woga, hasa wa mtoto aliyeacha kulia. Mwaka 2009 alipewa usimamizi wa mapokezi ya dharura, akabandika karatasi kubwa ukutani kwenye korido, na kila wiki akaweka nukta moja kuonyesha mgonjwa anasubiri muda gani tangu afike hadi ahudumiwe, nukta ikipanda ni mbaya, ikishuka ni nzuri, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Nukta.

Mganga mkuu wa wakati ule aliipenda karatasi hiyo kupita kiasi, akabandika tangazo pembeni kwamba zamu itakayopandisha nukta itajieleza kwa maandishi, na haikuchukua muda nukta zikashuka, zikalala chini zimenyooka kama uzi uliovutwa. Wageni wakaja kupiga picha. Dada akaja kwenye kibanda changu cha pancha, akakaa juu ya tairi, akaniambia, "Mdogo wangu, wagonjwa hawaji kwa mstari ulionyooka, hii inanitisha kuliko ilipokuwa juu."

Siku ya mapumziko yake, mvua inanyesha, alijifunga mtandio usoni, tukaenda kukaa kwenye benchi la nje kama wagonjwa, mimi nikiwa na kazi ya kukohoa, na nilikohoa vizuri mpaka bibi mmoja akasema, "Baba, kakohoe huko, sisi tumekuja na magonjwa yetu yanatutosha." Tukacheka, kisha dada akaona kilichomleta. Saa ya kufika ilikuwa haiandikwi mgonjwa akiingia getini, iliandikwa akishafika mezani, na kati ya geti na meza ndipo palipokuwa na benchi lile refu, watu wamebanana, kila mmoja akimwogopa anayeweza kumpita. Mama aliyekaa kando yetu alikuwa amempakata mtoto aliyefunikwa shuka, na mtoto alikuwa kimya. Dada aligusa unyayo wake, akamnyakua, akakimbia naye ndani, lakini mtoto alikuwa ameshakata roho, na kwa hesabu ya hospitali mtoto yule hakucheleweshwa na mtu yeyote, maana alikuwa bado hajafika.

Kesho yake aliingia kwa mganga mkuu, nami nikasimama mlangoni, akaomba mlinzi wa geti apewe kadi za kuandika saa kila mgonjwa anapoingia, na tangazo la kujieleza liondolewe, kwa kuwa anayeogopa adhabu ataandika kinachomwokoa yeye. Mganga mkuu akamuuliza, "Unajua nukta zitapanda mpaka wapi, na wakubwa wakiniuliza nimtaje nani?" Akajibu, "Nitaje mimi." Nukta zilipanda mpaka karatasi ikaungwa nyingine juu yake, dada akafungasha vitu vyake kwenye mfuko, akauweka chini ya meza akisubiri barua ya kufukuzwa, na kila mlango uliogongwa ulimtoa jasho. Barua haikuja. Mganga mkuu, na hili nampa haki yake, alikwenda mwenyewe kukaa kwenye benchi, akarudi, akabandua tangazo kwa mkono wake. Tangu hapo muuguzi mmoja alipewa kupita kwenye benchi, akianza na walio kimya, na nukta zikashuka polepole, zikiyumba huku na huku, na kule kuyumba ndiko kulikompa dada usingizi.

Presha ilimwanza mwaka 2015. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, alianguka kibandani kwangu, upande mmoja umekufa ganzi, nikampakia kwenye gari la mteja hadi getini. Kadi zilikuwa zimekwisha, mlinzi akasema tukae, na muuguzi wa benchi alikuwa ameitwa ndani kusaidia majeruhi wa ajali. Mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa kupayuka, siku hiyo sauti iliniishia, tukakaa, dada kimya, nami nikiwatazama watu wakiingia mbele yetu. Alipofikishwa mezani walimpigania kweli, akafariki Alhamisi, tarehe 14 Machi, mchana.

Ndipo mwanafunzi wake, muuguzi aliyemfundisha mwenyewe, akanijia na kalamu na faili ambalo saa ya kufika ilikuwa bado haijajazwa, macho mekundu, akaniuliza, "Mjomba, mama hana kadi, tuandike alifika saa ngapi?" Akiandika saa ya mezani, hakuna aliyekosea, akiandika ya getini, nukta ya Mama Nukta wao inapanda na wao wataulizwa. Niliuona woga wake, na wangu ulikuwa mkubwa zaidi, kwamba dada naye atakuwa miongoni mwa ambao hawakufika. Nikamwambia kwamba pale benchini dada alinivuta, akaninong'oneza, "Kuanzia getini." Akaandika. Nukta iko ukutani, ya juu kuliko zote za mwaka huu, na tangu jana muuguzi wa benchi haondolewi, hata ije ajali ya namna gani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kutuazima viti, na wafanyakazi wenzake wote, akiwemo mlinzi wa geti, ambaye hatuna kinyongo naye.

Nimesema yote nimeyaona, na nimeyaona, ila neno moja nimelitunga. Dada hakuninong'oneza kitu, ulimi ulikuwa umeshakufa. Alinishika kidole tu, akakibana kwa ule mkono mmoja uliobaki, na alikuwa anaogopa.

Pumzika sasa, dada yangu, kwa amani ambayo benchi lile lilikunyima.