Daktari Élyse na Wagonjwa wa Presha wa Rubondo

Mgeni rasmi, Profesa Kamusiime, Bwana Kamanda wa makazi, wauguzi wetu, wachungaji na mapadri, nanyi majirani mlioacha mashamba asubuhi hii:

KARIBU RUBONDO
Sisi wagonjwa wa presha, watu sitini na wanne, tunakupokea kwa furaha. Pole kwa vumbi la kutoka Mbarara. Maziwa yaliyo mbele yako ni yako peke yako, usimgawie Kamanda.

Tumekutana kumpongeza binti yetu Élyse Mukarukundo. Tangu mwezi uliopita yeye ni daktari wa saikolojia ya afya, somo linalotazama jinsi hofu, mawazo na mazoea ya mtu yanavyosaidia au kuharibu tiba yake.

ALIKOTOKA
Élyse aliingia makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Kivu ya Kusini akiwa na miaka kumi na miwili, yeye na mama yake, Mama Pulchérie, muuza unga. Alipokuwa kidato cha nne mama alianguka sokoni. Alipona, ila mkono mmoja ukabaki mzito. Nyumbani Élyse alikuta dawa zote za presha kwenye kopo, hazijaguswa. Dawa ni bure, zahanati iko karibu. Kwa nini mama hakumeza? Swali hilo halikumpa raha. Alikwenda nalo hadi chuo kikuu Mbarara, akapanga chumba Nyamityobora, akafundisha watoto wa watu jioni ili apate kodi.

TULIVYOMDANGANYA
Mgeni rasmi, hapa tunaungama. Mwaka wa kwanza wa utafiti wake alikuja na dodoso la maswali arobaini, nasi tukajibu vizuri mno. Unameza kila siku? Ndiyo. Hujasahau hata mara moja? Hata moja. Tulidhani ndiye anayeandika majina ya watakaopelekwa Kanada.

Kisha Mzee Gervais, Mrundi, akaanguka kwenye shamba lake la maharage. Élyse alimkuta zahanati, na hakumgombeza. Alikaa pembeni ya kitanda akasema, "Baba, maswali yangu ndiyo mabaya. Nifundishe kuuliza."

"Mukubwa akiuliza, tunamupa jibu lenye anapenda," Gervais akamjibu. "Weka karatasi chini. Kuja tumenye mihogo."

Miezi saba Élyse alimenya mihogo nasi, na huko ndiko alikosikia ya kweli. Wengine tulificha vidonge ili jirani asidhani ni vya ugonjwa mwingine. Wengine tulimeza siku kichwa kilipouma tu. Na Mama Pulchérie mwenyewe, sauti ikiwa chini, alimwambia bintiye kwamba kukubali dawa ya maisha yote ni kukubali kwamba maisha yote yataishia hapa, hatarudi kwao. Élyse aliweka kisu chini, akamkumbatia.

Baada ya hapo alitupanga wawili wawili, kila mmoja akimwuliza mwenzake asubuhi. Leo wengi wetu presha zimeshuka, na kopo tunaliweka mezani, wageni walione.

SIKU YA MBARARA
Siku ya kutetea tasnifu tulikuja kumi na mmoja, juu ya lori la mahindi. Mlinzi alitukatalia mlangoni. Wewe, Profesa, ndiye uliyesema tuingie. Kisha ukamwuliza binti yetu, "Utajuaje kwamba hata sasa hawakudanganyi?"

Alikwama. Alituambia baadaye kwamba hata jina lake lilimtoka kichwani. Gervais akasimama nyuma: "Profesa, mimi nilimudanganya mwaka muzima! Vidonge nilikuwa namwaga mu choo!"

Ukumbi mzima ulicheka, wewe pia. Kicheko kile kilimrudishia Élyse pumzi. "Mwaka wa kwanza," akasema, "hakuna hata mmoja aliyeniambia ameacha dawa. Mwaka wa tatu, kumi na tisa waliniambia, na kila mmoja alinitajia siku." Ukavua miwani, ukaandika kitu. Tuliona.

TUNALOLIOMBA
Mradi unaomlipa unakwisha Desemba, na zahanati haina nafasi ya kazi kama yake. Shirika moja la Kampala limemwita kazini. Hakutuambia, aliyetuambia ni Larissa, msaidizi wake. Jumapili tulimwuliza waziwazi. Alicheka, machozi yakamtoka: "Roho inataka kubaki. Lakini mama atakula nini?"

Ana haki. Amekula vya msaada tangu utotoni, hatutaki abaki kwa kutuhurumia. Tunaomba chuo kikuu na ofisi ya makazi wamfungulie kazi hapa, yenye mshahara, na Larissa apate nafasi ya kusoma chini yake.

Kampala wanataka jibu Ijumaa. Leo ni Jumatano, mgeni rasmi, na sisi hatuna neno jingine. Muda wote uliobaki ni wako.

Mungu akurudishe Mbarara salama, na siku yoyote utakayopimwa, namba zako ziwe nzuri.

Imesomwa na Marthe, katibu,
kwa niaba ya Kikundi cha Wenza wa Dawa, Rubondo, Nakivale.