Mukai Mutinda, Mama Aliyekaa Darasani

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mukai Mutinda wa mtaa wa Kabiria, hapa Nairobi. Mukai alifariki Jumamosi iliyopita, baada ya kuugua figo. Ni Mukai Mutinda, mamake Annah.

Annah ana mtindio wa ubongo. Mikono yake haimtii, na neno moja huchukua muda kumtoka. Lakini ana mengi ya kusema. Mamake alilijua hilo mapema, maana walipiga soga jioni nzima mama akisukuma chapati.

Annah alipofikia umri wa kusoma, shule ya msingi ya pale mtaani ilimkataa. Wakaelekezwa shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu, mbali na Nairobi. Mukai akampeleka. Moyo haukutaka, lakini njia nyingine hakuiona. Alipoenda kumtembelea, alimkuta Annah msafi, ameshiba, na kimya. Alimuuliza habari, mtoto akatazama chini. Hakuna aliyekuwa akingoja amalize sentensi, basi alikuwa ameacha kuanza. Wasikilizaji wapendwa, Mukai alimbeba mgongoni siku hiyo hiyo, akarudi naye nyumbani.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mwalimu Kiarie, mkuu wa ile shule ya mtaani. Mwalimu Kiarie mwenyewe ametusimulia. Alimweleza Mukai kwamba madarasa yamejaa, na kwamba hana mtu wa kumsaidia mtoto kuandika wala kumpeleka msalani.

"Mwalimu, huyo mtu ni mimi," Mukai akamjibu. "Nionyeshe tu mahali nitakaa."

Akaacha kazi ya upishi katika hoteli moja Westlands. Akakaa dawati la nyuma, magoti yakigonga mbao, kandokando ya bintiye. Alikaa pale mwaka baada ya mwaka. Watoto wakamzoea, wakawa wanamletea viatu awafungie kamba. Jioni alipika chapati za kuuza. Kakake, Muli, alikuwa akimwona anajipoteza.

"Nilimwambia, dada, unaharibu maisha yako," Muli anakumbuka. "Akaniambia nikuje nimsikie Annah akisoma. Nikaenda. Sikurudia hiyo maneno tena."

Habari zikafika kwa wazazi wengine. Njambi akaja kutoka Kileleshwa na binti yake asiyeona vizuri, akawa anapokezana na Mukai kukaa darasani. Hapo ndipo Mukai alipoanza kuuliza kwa nini mzazi aache kazi ndipo mtoto wake asome.

Serikali ilipowaita wananchi katikati ya jiji watoe maoni kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, alienda na Annah. Jina la Mukai lilipotajwa, alimsogezea Annah kipaza sauti. Muda ukaisha mtoto akiwa bado katikati ya sentensi. Mwenyekiti akataka kumwita mwingine. Mukai alikuwa mtu wa haya, lakini alisimama.

"Naomba mngoje," alisema. "Anamalizia."

Mwenyekiti akangoja. Annah akamaliza. "Nataka shule ya kwetu. Na mamangu arudi kazi."

Mukai hakujua kwamba hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa mwanawe. Njambi, aliyekuwa amekaa kando yao, anasema ilibidi amshike Mukai mkono.

Mabadiliko yamekuja polepole, na hayajafika kila mahali. Lakini shule ile sasa ina wasaidizi wa darasani wanaolipwa mshahara, na choo ambacho kiti cha magurudumu kinaingia. Mukai alirudi jikoni Westlands, akafanya kazi kwa muda mfupi kabla maradhi hayajamlaza. Annah yuko sekondari ya kutwa. Anakula chakula cha jioni nyumbani.

Annah, Muli, na jamaa wote wa Mutinda, poleni sana. Tunaomboleza pamoja nanyi, na Mungu awashike mkono.

Nawe unayetusikiliza, huenda kwenye ploti yenu, hapo mnapopanga nyumba, yuko mtoto anayebaki ndani wenzake wakienda shule. Mnasikia sauti yake, hamjawahi kuona uso wake. Kesho bisha mlango huo. Muulize anaitwa nani.