Bi. Kaluki Mumo na Boksi la Arubaini na Mbili

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunza ghala letu la sampuli za miamba hapa Thika, Bi. Kaluki Mumo anastaafu tarehe 30 Juni. Tunamfurahia sana, ingawa wengine wetu tutapumua kidogo.

Kampuni inayochimba kutafuta mafuta au gesi lazima iikabidhi serikali sehemu ya mawe yote inayoyatoa ardhini. Isipokamilisha, hairudishiwi fedha za dhamana ilizoweka. Anayesaini kwamba mawe yametimia ni Bi. Kaluki, na hajawahi kusaini kwa kukisia. Kila asubuhi alitoka Ruiru akafika kabla mlinzi hajanywa chai, na ole wake aliyeingia ghalani na mandazi.

Mwaka 2013 kampuni moja ilifunga virago ikidai kisima chake kilikuwa kikavu. Ilileta maboksi arubaini na moja. Orodha ilisema arubaini na mawili. Lililokosekana ndilo lenye mawe yaliyonukia mafuta. Bila hilo, serikali ingejadiliana na mwekezaji mwingine bila kujua ina nini ardhini, na ingekubali mgao mdogo wa mafuta.

Boksi lilikuwa wapi? Kampuni ilikuwa imeyakata mawe yale vipande vya kupendeza, ikatugawia sisi wa ofisini vya kukandamizia makaratasi. Mimi nilikuwa na changu. Cha mkurugenzi kilikalia barua ya kumwongezea Bi. Kaluki mkataba, ambayo mkurugenzi hakuwa ameisaini. Mkataba ulibakiza siku nne, na bintiye alikuwa mwaka wa pili chuoni Juja. Sote tulimshauri anyamaze.

Aliingia ofisini na karai. "Mkubwa, hiyo ni mali ya serikali. Niwekee tu hapa," alimwambia mkurugenzi, kisha akazunguka meza zote, yangu ikiwemo, akikusanya vipande hadi boksi likatimia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku nne zikapita, barua haijasainiwa. Ya tano alikuja kazini bila mkataba, akaendelea kupanga mawe yake. Mkurugenzi alisaini jioni hiyo.

Mwezi uliopita eneo la kisima kile lilipata mwekezaji mpya, ambaye kwanza alikuja Thika kukagua boksi hilo. Amekubali kuipa serikali mgao mkubwa kuliko wowote tuliowahi kupata, na uchimbaji unaanza Septemba! Ofisi nzima haitulii.

Bi. Kaluki, asante. Ulihatarisha mshahara wako kwa boksi ambalo sisi wenye kazi za kudumu tulikuwa tumeshaligawana. Mungu akujalie afya na raha tele huko Ruiru, na sisi tunaobaki atupe ujasiri kidogo.