Mrithi wa Radi Kuu

Kijiwe chetu kiko mbele ya karakana ya redio, na mimi ndiye ninayewauzia kahawa wabishi hawa, Mungu anipe subira. Kitabu cha katuni tunanunua kimoja kwa wote. Kinyozi anasoma kwa sauti, na ukurasa haufunuliwi mpaka ubishi uishe, ndiyo maana hadithi nyingi hatujui ziliishia wapi. Toleo hili lilikuwa zito: shujaa wetu Radi Kuu amekufa, joho lake kavaa binti yake. Nyuma yetu, Binti Fundi alikuwa kwenye kiti cha marehemu baba yake, anapangusa meza isiyo na kazi. Mwenye nyumba kampa mpaka mwisho wa mwezi. Wateja wasiporudi, anafunga. Iliniuma sana.

KINYOZI: Sikilizeni. Soko linaungua, watu wanalia, "Radi Kuu, tuokoe!" Binti kashuka na joho, wao wanamtazama tu. Mwisho wa ukurasa.

DOBI: Watu gani hawa? Moto unawaka, wao wanamwita maiti!

PROFESA (tunamwita hivyo kwa sababu ya miwani): Kisayansi hawana kosa. Nguvu ziko kwenye joho. Likifuliwa, zinakwenda na maji.

DOBI: Usiniletee! Mimi nafua majoho ya majaji, na hakuna mfungwa aliyeachiwa.

KINYOZI: Mzee hajafa, bwana. Kajibana humo ndani ya joho, anamnong'oneza binti. Tazama begani palivyotuna.

PROFESA: Hapo umegusa penyewe! Tena hayuko peke yake. Babu yumo, bibi yumo, ukoo mzima umejazana mle.

DOBI: Ndiyo maana haruki. Mzigo wote huo!

KINYOZI: Lakini jamani, si wampe nafasi? Kafundishwa na baba yake tangu mdogo. Akikata tamaa akaondoka, nani atawazimia moto?

DOBI: Ningekuwa pale, ningemwita wa kwanza!

PROFESA: Wa kwanza ningekuwa mimi!

Nilikaribia kuwamwagia kahawa. Hapo akatokea mama mmoja mgeni, redio kaibana kwapani.

MAMA: Samahani, baba zangu. Huyu fundi anatengeneza vizuri?

Kinyozi akamtazama Dobi. Dobi akatazama kikombe chake. Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta.

DOBI: Baba yake alikuwa balaa, hakuna redio iliyomshinda.

MAMA: Sijauliza baba yake.

Nilifurahia jibu hilo, sifichi.

BINTI FUNDI: Watakujibu nini, mama? Hawajawahi kuniletea kitu. Nipe niitazame. Isipoongea, hunilipi.

Akaifungua, akapuliza vumbi, akagusa waya mmoja kwa chuma cha moto. Redio ikakohoa, kisha ikaanza kusoma habari kwa sauti safi kabisa. Mama akacheka kama msichana.

Kinyozi akainuka bila kuaga. Akarudi na mashine yake ya kunyolea, ile inayong'ata watu nywele.

PROFESA: Wee, ukurasa je?

KINYOZI: Funueni wenyewe.

Dobi naye akaja mbio na pasi, waya unaburuta chini, akataka kupenya mbele.

BINTI FUNDI: Shikamoo, baba. Foleni inaanzia nyuma ya Kinyozi.